Jinsi ya Kuchagua Gari la Zamani Lenye Mbio kwa Safari za Kila Siku Nchini Uganda

Anayetaka gari la zamani lenye mbio nchini Uganda, liwe Subaru Impreza WRX, Toyota Altezza au Volkswagen Golf GTI, aanze kwa kujua kwamba hataliagiza Japani. Tangu mwaka 2018 sheria inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, na Altezza za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 2005. Gari utakalolipata limekwisha kukaa hapa miaka mingi, limepita kwenye mashimo na matuta yetu, na limefunguliwa na mafundi ambao hutawajua wote. Muuzaji akikuonyesha karatasi ya mnada wa Japani, ipokee kwa heshima, lakini karatasi hiyo inaeleza hali ya gari kabla halijapanda meli. Muulize alikuwa akilipeleka gereji gani, na kama atakubali umpigie fundi wake simu papo hapo.

Kabla ya kwenda kutazama gari lolote, pima safari zako mwenyewe. Mtu anayetoka Mukono kila asubuhi kwenda katikati ya Kampala hukaa kwenye foleni ya barabara ya Jinja akikanyaga klachi mara mia kadhaa, na klachi ngumu ya gari lililotengenezewa mashindano itamchosha mguu kabla ya mwezi kwisha. Anayetumia barabara ya kasi ya Entebbe atafaidi injini yenye nguvu, lakini hata yeye lazima atoke nyumbani, na mara nyingi ni barabara ya udongo inayoelekea nyumbani ndiyo inayoamua gari gani linafaa. Kwa sababu hiyo huwashauri wengi waitazame Subaru Forester ya miaka ya 2002 hadi 2007 yenye turbo, yaani kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi, kabla ya Impreza: injini zao ni za ukoo mmoja, ila Forester imeinuka zaidi kutoka ardhini na haikwaruzi tumbo kwenye kila tuta. Tena, Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kidogo, hivyo injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Upungufu huo hauonekani mjini, na kwa mtu anayenunua gari la aina hii kwa mara ya kwanza, injini isiyo na turbo ni chaguo ambalo nalitetea bila kusita.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba utafute gari lililoachwa kama lilivyotoka kiwandani. Vijana wetu wanapenda mashindano ya magari ya Pearl of Africa, nami nayapenda, lakini mapenzi hayo yameharibu magari mengi mazuri. Springi hukatwa ili gari lishuke, ekzosti hubadilishwa ili lingurume, na shinikizo la turbo huongezwa bila mtu kurekebisha kiasi cha petroli kinachoingia. Magari ya turbo ya soko la Japani yalipangiwa petroli bora ya kule, ambayo kwa kiwango chao haipungui oktani 96 (oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa), na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Petroli ya oktani ndogo ikibanwa sana hulipuka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo wa mapema, ambao mafundi huuita kugonga, hupasua pistoni. Kwa hiyo muulize muuzaji anatia petroli gani na wapi, kisha chunguza dashibodi: matundu ya skrubu na nyaya zilizofungwa kwa utepe mweusi zinaonyesha kwamba kulikuwa na mita za ziada zilizong'olewa kabla gari halijatangazwa kuuzwa.

Nenda ulitazame gari asubuhi, likiwa baridi. Somo hili nililipata kwa gharama kubwa. Nilifika kwa muuzaji mmoja saa tano, nikaweka kiganja juu ya boneti ya Legacy niliyokuwa nimeitamani kwa miaka, nikahisi joto. Aliniambia kwamba alikuwa amelisogeza tu kumpisha jirani, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Wiki ya tatu, nilipoliwasha alfajiri, wingu la moshi wa buluu lilijaa uani hadi mke wangu akatoka kuuliza ni nini kinaungua. Turbo ilikuwa inavujisha oili, na injini ikishapata moto moshi huo ulipungua hata usingeutambua barabarani.

Siku hizi huomba miadi ya saa moja asubuhi na kumsihi muuzaji asiliwashe kabla sijafika. Nikishagusa boneti na kuikuta baridi, hufungua kifuniko cha oili na kutazama upande wake wa ndani, kwa kuwa utando mzito unaofanana na maziwa ya mgando huenda ukaashiria kwamba maji yanaingia kwenye oili. Huchomoa kijiti cha kupimia, nikafuta oili kwenye karatasi nyeupe na kuisugua kati ya vidole: ikiwa nyeusi si neno, lakini ikiwa na chembe zinazong'aa za chuma, huaga na kuondoka. Kisha huomba liwashwe huku nimesimama nyuma, karibu na bomba la moshi. Baada ya hapo huliacha lingurume polepole kwa dakika tano, ndipo nikakanyaga mafuta mara moja, maana moshi wa buluu unaojificha hutokea wakati huo. Mwisho huliendesha kwenye foleni halisi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, nikiukodolea macho mshale wa joto, na mshale ukipanda kupita katikati sihitaji maelezo mengine.

Kila aina ina udhaifu wake. Kwenye Subaru za injini ya EJ20, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa kuwa hupaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika kwenye injini hizi za turbo valvu hugongana na pistoni. Muuzaji asiye na risiti mchukulie kama ambaye hakuubadilisha. Tazama pia tairi zote nne, jambo ambalo wengi hulipuuza: gari linalosukumwa na magurudumu yote manne linahitaji tairi za mzunguko ule ule, na hapa kwetu, ambako watu hununua tairi moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, huchakaa kwa sababu hiyo tu. Ukikuta tairi mbili mpya na mbili zilizolika, lipeleke gari uwanjani, likate kona kali polepole, na usikilize kama linajivuta.

Kwa Altezza, ile ya RS200 yenye gia 6 za mkono ndiyo inayosifiwa, ingawa ile ya silinda 6 ni tulivu zaidi kwa mjini. Golf GTI ya kizazi cha tano ina kipande kidogo cha chuma kati ya kemshafti (mhimili unaofungua valvu) na pampu ya petroli, ambacho husagika na kuharibu vyote viwili kisipokaguliwa, na sanduku lake la gia la DSG, linalobadilisha gia lenyewe, hutaka oili mpya kila kilomita 60,000. BMW E46 huendeshwa kwa raha sana, lakini vyombo vyake vya maji ni vya plastiki inayopasuka kwa uzee, na kwenye foleni ya Kampala mpasuko huo hauna huruma.

Mtafute fundi kabla ya gari. Mzee mmoja anayetengeneza Subaru huko Ndeeba aliniambia, "Mwanangu, usiniletee gari ulilokwisha kulilipia, niletee lile unalolifikiria." Mlipe fundi kwa siku yake, aje na mashine ya kusoma hitilafu na kipimo cha mgandamizo wa silinda, kisha mpitie naye soko la spea la Kisekka kuulizia bei ya turbo, klachi na shokapu za gari hilo hilo. Spea isiyopatikana Kisekka itabidi uiagize, nawe utapanda boda hadi ifike.

Makubaliano yakifikiwa, linganisha namba ya chasisi na namba ya injini na zile zilizoandikwa kwenye logibuku, kwa kuwa magari haya hubadilishwa injini mara nyingi, na hakikisha jina ni la anayekuuzia na kwamba hakuna faini za barabarani zisizolipwa. Usimalize fedha zote kwenye bei. Mimi hutenga angalau robo yake kwa ajili ya mkanda, oili zote, breki na tairi, na kazi hiyo hufanywa wiki ya kwanza. Baada ya hapo, kila Jumamosi asubuhi katika mwezi wa kwanza, simamisha gari mahali palipo sawa, chomoa kijiti cha oili kabla ya kuliwasha, na uandike alama ilipofikia pamoja na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi.