Kupokea vitabu na kusimulia hadithi maktaba ikifungwa kwa korona

Weka meza mlangoni. Msomaji atumbukize kitabu mwenyewe kwenye katoni, nawe uandike tarehe ubavuni kwa kalamu nene. Katoni ikae siku 3 bila kuguswa. Usirundike vitabu: vikibanana, virusi hudumu zaidi. Visimamishe, kurasa zikiachana kidogo. Wala usinyunyize jiki au sanitaiza. Karatasi hufura, gundi ya mgongo huachia, na kwa unyevu wa Kisumu ukungu haukawii.

Hadithi za watoto? Zoom hula bando. Rekodi sauti ya dakika 5, itume kwa WhatsApp jioni, mzazi akisharudi na simu. Kitabu chenye hakimiliki, omba ruhusa ya mchapishaji kwanza. Ngano za nyumbani simulia tu.