Namna ya Kusimamia Ununuzi wa Zana za Kivita kutoka kwa Serikali Rafiki

Baada ya Waamu, yaani watu wa Lamu, kuwashinda Wamazrui wa Mombasa na Wapate katika vita vya Shela, mnamo mwaka 1812 hivi, walihofia kisasi wakapeleka ujumbe kwa Seyyid Said wa Omani kumwomba ulinzi. Askari wakaja, liwali akaja, ngome iliyo kando ya soko ikamalizika kujengwa, na walioitwa kusaidia wakabaki kutawala. Nimeanza na kisa hicho kwa sababu afisa anayekabidhiwa faili la ushirikiano wa ulinzi hushughulika mno na aina ya silaha na bei yake, ilhali yatakayomsumbua baadaye ni yale yaliyoachwa bila kuandikwa: nani atakayeitunza zana, itatumika wapi, na mgeni ataondoka kwa utaratibu gani.

Anza na kazi inayotakiwa kufanywa, si na katalogi ya muuzaji. Ukiandika kwamba unataka boti kumi za kasi umeshajichagulia jibu; lakini ukieleza kwamba doria ya kutoka Magogoni hadi Kiunga, katika pwani ya Lamu, inapaswa kupita vijito vya mikoko hata maji yakiwa yamekupwa, na kuhimili mawimbi ya kusi nje ya mwamba, umempa muuzaji swali la kulijibu, nawe umejipatia kipimo cha kukagulia atakacholeta.

Kwa Marekani, ambayo ndiyo mfano wangu kwa kuwa askari wake wako hapa Manda Bay, mauzo ya serikali kwa serikali huongozwa na sheria ya mwaka 1976. Nchi mnunuzi hupeleka barua ya maombi. Marekani hujibu kwa barua ya toleo inayotaja vifaa, masharti na makadirio ya gharama. Na mnunuzi akitia sahihi, serikali ya Marekani ndiyo inayoingia mkataba na kiwanda kwa niaba yake. Huduma hiyo ina ada ya usimamizi, ambayo mwaka 2018 iliwekwa kuwa asilimia 3.2, nayo iingizwe katika bajeti tangu mwanzo. Mauzo makubwa hutangulia kuarifiwa Bunge la Marekani, na kwa nchi kama Kenya muda wa taarifa hiyo ni siku 30.

Hapo kwenye taarifa ndipo watu wengi hupotea. Januari 2017 ilitangazwa kwamba Kenya ingeweza kuuziwa ndege 12 za Air Tractor pamoja na vifaa vyake kwa dola milioni 418. Mtu akichukua kiasi hicho akakigawa kwa 12, atapata bei ya kushtua ya ndege moja, na hesabu yake itakuwa na kasoro, kwa sababu kiasi kinachotangazwa ni kikomo cha juu kinachojumlisha silaha, vipuri, mafunzo na huduma za mafundi. Wala taarifa si ununuzi. Mwaka huohuo zilitangazwa helikopta 12 za MD 530F kwa dola milioni 253, na Januari 2020 Kenya ikapokea sita. Kwa hiyo, andaa mapema karatasi inayochambua kila kifungu cha gharama, kwani maswali ya wabunge na wanahabari yatakuja tu, na afisa anayejibu kwa kusema ni siri ya taifa huishia kuonekana ana la kuficha.

Vifaa vya ziada vya jeshi la nchi rafiki vinataka uangalifu wa aina nyingine. Mwaka 2024 Marekani ilitangaza kuipatia Kenya helikopta 16 pamoja na magari ya deraya yapatayo 150. Kifaa cha namna hiyo kwa kawaida hutolewa kama kilivyo, na gharama za usafirishaji, ukarabati na vipuri huweza kumwangukia mpokeaji. Tuma mafundi wako wakikague kabla ya kukubali, kama vile nahodha asivyonunua jahazi bila kuliona likiwa limepandishwa pwani.

Kwa upande wa sheria zetu, msamaha uliomo katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kwa makubaliano kati ya serikali mbili hauondoi ukaguzi wa hesabu. Aidha, Ibara ya 240 ya Katiba inataka Bunge litoe idhini kabla ya majeshi ya kigeni kuwekwa nchini.

Zana zikishafika, weka daftari la namba za kila kipande, kwa kuwa muuzaji ana haki ya kukagua matumizi, na huwezi kumpa mtu wa tatu silaha hizo bila ridhaa yake ya maandishi. Vikosi vitakavyopata msaada wa Marekani huchunguzwa pia rekodi zao za haki za binadamu, hivyo tatizo lililofichwa kikosini laweza kuzuia mafunzo ya kikosi kizima.

Ushirikiano unaohusisha kambi ndio mgumu zaidi. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda Bay, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege. Uchunguzi wa Marekani wenyewe ulikuta kwamba maandalizi ya ulinzi hayakutosha. Basi andikeni, kwa jina la cheo, ni nani anayelinda uzio upi na saa ngapi, na ni nani anayetoa amri pande mbili zikiwa zimeshambuliwa pamoja. Andikeni pia ni mahakama ya nani itakayomhukumu askari mgeni atakayemdhuru raia. Na kabla ya mazoezi ya baharini, wavuvi waelezwe kupitia vikundi vyao vya ufukweni sehemu itakayofungwa na siku zenyewe, kwa kuzingatia bamvua, maana mvuvi wa Ndau aliyekwisha kuzuiwa kuvua usiku kwa sababu za usalama hapaswi kupata habari hizo kutoka kwa boti ya doria.

Mkataba wa mfumo wa ulinzi kati ya Kenya na Marekani ulitiwa sahihi Septemba 2023 kwa miaka mitano. Faili la kuuhuisha au kuuacha lifunguliwe mwaka mzima kabla ya Septemba 2028, na ukurasa wake wa kwanza uwe orodha ya majengo, mitambo na madeni yatakayobaki Manda Bay iwapo mgeni ataondoka.