Kumwandikia AreaFix: kujiunga na kujitoa kwenye mabaraza ya BBS bila kuondoka dukani

Nina duka la steshenari Ngamiani, Barabara ya 12, hapa Tanga. Kutwa nachapa barua za watu: maombi ya kazi, maombi ya kiwanja, barua za kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Kwa hiyo shemeji yangu wa Raskazone aliponiambia, “Mwandikie AreaFix akuunge na BAMVUA,” sikuuliza mara mbili. Nikakaa, nikachapa barua iliyonyooka. Kichwa: YAH: MAOMBI YA KUJIUNGA NA BARAZA LA BAMVUA. Chini yake: Ndugu, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwisho: Wako katika ujenzi wa taifa. Nikaituma.

Jibu lilikuja jioni yake, kavu: neno la siri si sahihi, hakuna kilichofanyika.

AreaFix si mtu. Ni programu inayokaa kwenye kompyuta ya yule anayekuletea barua za mtandao, na kazi yake ni kusoma barua zilizoandikwa kwa jina lake. Adabu haijui. Kwenye kichwa cha barua inatafuta neno la siri, na ndani ya barua inatafuta maagizo, kila mstari agizo moja. Basi.

Kwa asiyeujua mchezo huu: BBS ni kompyuta moja yenye mabaraza ya mazungumzo, na watu huingia kusoma na kuandika. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alianzisha FidoNet, ambapo BBS moja inampigia nyingine simu na kukabidhiana barua. Mwanzoni zilikuwa barua za mtu kwa mtu, zinaitwa netimeli. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 Jeff Rush wa Dallas akaleta ekomeli, yaani baraza zima linalosafiri: ukiandika kwako, nakala inasambaa kwa kila BBS iliyojiunga na baraza hilo. Afrika ilipewa kanda namba 5, na kabla intaneti haijatufikia, barua pepe nyingi za mashirika ya huku zilipita njia hiyo, Nairobi ikipigiana simu na GreenNet, mtandao wa mashirika wa London. Simu ya kimataifa ililiwa kwa dakika. Hapo ndipo ilipokuwa na maana mtu achague mwenyewe mabaraza anayoyataka, bila kumsumbua kila siku mwenye nodi, yaani kompyuta ya mtandao inayomletea barua, aongeze hili na kutoa lile. Leo barua zinapita kwenye intaneti kwa itifaki ya binkp, lango 24554, lakini bando nalo lina mwisho wake, na sisi tunaolinunua kwa wiki tunaijua ile hesabu vizuri tu.

Sisi tuko watano. Shemeji ndiye nodi ya juu, mimi niko chini yake, mpwa wangu wa Pangani yuko chini yangu, halafu kuna fundi redio wa Muheza na mwalimu mstaafu wa Lushoto. Tumejipa kanda 99 kwa matumizi yetu wenyewe. Shemeji ni 99:1/1, mimi 99:1/10, mpwa ni pointi yangu, yaani kompyuta inayopata barua kupitia nodi yangu, 99:1/10.3. Anwani inasomwa hivi: kanda, nukta mbili, wavu, mkwaju, nodi, na kama ni pointi inaongezwa nukta na namba yake. Kompyuta yangu ni Raspberry Pi iliyo chini ya kaunta, ubavuni mwa mashine ya fotokopi. Natumia hpt kuchambua barua, binkd kuzipeleka na GoldED kuziandika. Ukitumia programu nyingine za BBS, kama Mystic au Synchronet, vitufe vitakuwa vingine, ila barua kwa AreaFix ni ileile.

Kabla ya kuandika, hakikisha una vitu viwili kutoka kwa mwenye nodi ya juu: anwani yake na neno la siri la AreaFix. Hili la pili lishike vizuri, kwa sababu maneno ya siri yapo matatu na watu huyachanganya. Lipo la binkd, linaloulizwa mashine mbili zinapokutana. Lipo la pakiti, herufi zisizozidi 8, linalowekwa kwenye bahasha ya barua. Na lipo la AreaFix, linalokaa kwenye kichwa cha barua. Shemeji alinipa yote matatu kwenye kikaratasi kimoja cha risiti na mimi nikamwekea AreaFix lile la pakiti. Hiyo ilikuwa barua yangu ya pili. Ikakataliwa kama ya kwanza.

Ya tatu nikaweka neno sahihi. Safari hii mlango ukafunguka, lakini nilikuwa bado nimeandika kama katibu muhtasi. AreaFix akanirudishia orodha ndefu. “Ndugu”: baraza halipo. “Tafadhali”: baraza halipo. “Wako”: baraza halipo. Kila mstari wangu wa heshima aliuchukua kuwa ni jina la baraza, kwa sababu mstari usio na alama yoyote mbele kwake maana yake ni “niunge na hili”. Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilichungulia tena ile orodha, nikaona katikati yake mstari mmoja uliofanikiwa: BAMVUA. Alikuwa ameniunga.

Barua inayotakiwa ni hii:

Kutoka: jina lako, 99:1/10
Kwenda: AreaFix, 99:1/1
Kichwa: NENOLAKOLASIRI

%LIST
+BAMVUA
+SOGA
-HAM
---

Alama ya kujumlisha ni kujiunga, ya kutoa ni kujitoa, na asilimia ni agizo jingine lolote. Zile deshi tatu za mwisho usizidharau. AreaFix akizifikia anaacha kusoma, kwa hiyo sahihi ambayo kihariri chako hubandika chini bila kukuuliza haitageuzwa majina ya mabaraza. Jina la baraza liandike vilevile lilivyo kwenye orodha yake, kwa herufi kubwa na bila nafasi katikati.

Netimeli hii iwekee alama ya faragha, iende moja kwa moja kwa nodi ya juu, na kama kihariri chako kinaruhusu, iwekee na alama ya kufutwa ikishatumwa. Neno la siri limo humo waziwazi, halijafichwa kwa namna yoyote. Kwa sababu hiyohiyo usitumie neno unalotumia kwenye pesa za simu.

Mpwa wangu hakulisikia hilo. Alikuwa amefungua baraza la SOGA, akabonyeza kuandika barua mpya akiwa mlemle barazani, akajaza “AreaFix” mahali pa jina na neno la siri mahali pa kichwa. Ikatoka kama ujumbe wa baraza, ikafika Lushoto na Muheza kabla ya magharibi. Akanipigia: “Shangazi, mbona mwalimu ananiuliza NGALAWA7 ndiyo nini?” Ekomeli ikishaondoka hairudi. Dawa ni moja, kubadilisha neno la siri siku hiyohiyo. Kila unapomwandikia AreaFix tazama juu ya kioo upo wapi: lazima uwe kwenye eneo la netimeli.

Nilimkumbusha na jambo jingine. Yeye ni pointi yangu, kwa hiyo anamwandikia AreaFix wa kwangu, si wa shemeji. Kwa shemeji hajulikani. Akiomba baraza ambalo mimi sina, hpt yangu nimeipanga ipeleke ombi hilo juu kwa jina langu, halafu ikilipata imgawie. Kama wewe una anwani zaidi ya moja, mfano umejiunga na fsxNet ya kanda 21 iliyoanzia New Zealand, tuma ombi kutoka kwenye anwani ya mtandao uleule wenye baraza. AreaFix anakutambua kwa anwani uliyotumia kumwandikia. Ukiomba FSX_GEN, baraza la fsxNet, kwa anwani ya kanda 99 atakuona mgeni.

Sasa kutuma. Kwangu nikishahifadhi barua naandika hpt pack, ikafungwa kwenye pakiti. Kisha napiga hodi:

binkd -p -P 99:1/1 binkd.conf

Hapo barua imefika tu, bado haijasomwa. Mashine ya shemeji inaichambua kwa ratiba yake, AreaFix anaandika majibu, majibu yanafungwa na kuwekwa yakinisubiri. Lazima nirudi nipige hodi mara ya pili kuyachukua, halafu hpt toss iyachambue kwangu. Wageni wengi wanakwama hapa: wanatuma, wanaona kimya, wanatuma tena, wanatuma tena. Matokeo yake wanapata majibu matatu kwa mpigo. Tuma mara moja, kahudumie wateja wawili watatu, ndipo upige hodi tena.

Majibu yakija yasome. Orodha ya %LIST inaonyesha mabaraza yote unayoruhusiwa, na kwa hpt yale uliyokwisha kuungwa yana nyota. %QUERY inakupa yale uliyonayo tu. %UNLINKED inakupa yale usiyonayo. Mimi huanza na %QUERY kila mara, kwa sababu baada ya miezi mtu anasahau alijiandikisha wapi. Nilikuta nimeungwa na COOKING, ambako watu wanapeana namna ya kupika nyama ya nguruwe, na sikumbuki kabisa nililiomba lini. Na %HELP iombe angalau mara moja, uichape, uiweke ukutani. Makarani hawa, yaani programu za AreaFix, hawafanani kila kitu. Maelezo ya huyo wako ndiyo ya kufuata.

Kisha geukia upande wako. Nodi ya juu kukuunga hakutoshi, programu yako nayo lazima ilijue hilo baraza. La sivyo barua zinaingia na kutupwa kwenye kapu la barua zisizo na kwao, na wewe unalalamika baraza limekufa. Wiki nzima nilimlaumu shemeji kuhusu SOGA, kumbe barua zote zilikuwa kwangu, zimejaa kwenye badarea. Kwenye hpt unaweza kuiambia ifungue baraza jipya yenyewe pale barua ya kwanza inapofika, mradi itoke kwa nodi unayoiamini: autoAreaCreate on, kwenye maelezo ya nodi hiyo. Ukijitoa pia, kumbuka kufuta mstari wa baraza kwako, la sivyo utaendelea kuandika mle na mtu wa kukusoma hayupo.

Nitasema polepole kuhusu %RESCAN, maana ndiyo iliyonigharimu. Ukijiunga na baraza leo unapata barua za kuanzia leo. %RESCAN inamwambia AreaFix akutumie na za zamani alizozihifadhi. Tamu sana kusikia. Niliiomba kwa mabaraza yote niliyokuwa nayo, nikiwa nimeunganisha Pi kwenye simu yangu kwa sababu laini ya dukani ilikuwa imekatika. Zikaja barua zaidi ya elfu nne. Bando la wiki likaisha kabla ya adhuhuri, na mteja aliyetaka kutumiwa fomu kwa barua pepe ikabidi aende duka la pili. Iombe kwa baraza moja tu. Makarani wengi wanakuruhusu kutaja idadi, mfano barua 50 za mwisho. Namna ya kuandika idadi itazame kwenye %HELP. Na alama ya +* usiijaribu kwa udadisi, maana nyota hiyo ni “yote”. Ndugu yake, -*, inakutoa kwenye yote, nayo haiulizi “una uhakika?”.

Ukisafiri, tumia %PAUSE. Mabaraza yako yanabaki yalivyo ila barua hazirundikwi kwa nodi ya juu zikikungoja. Ukirudi unatuma %RESUME. Mwezi wa Ramadhani nafunga mapema, Pi naizima, na %PAUSE inatangulia. Shemeji ameipanga hpt yake imsimamishe yenyewe yeyote asiyepiga hodi kwa siku kadhaa, kwa hiyo ukirudi safari na kukuta kimya, kabla ya kutafuta ubovu tuma %RESUME kwanza.

Mafaili yana karani wake, FileFix, na anaandikiwa kwa mtindo huohuo. Maeneo ya mafaili ni mazito, mimi nimechukua moja tu.

Yapo mabaraza ambayo AreaFix atakujibu huna ruhusa. Mengine ni ya wenye nodi peke yao, mengine unaruhusiwa kusoma bila kuandika. Hapo kubadilisha neno la siri au kurudia ombi hakusaidii, maana ruhusa ipo mkononi mwa mtu. Andika netimeli kwa mwenye nodi, kwa jina lake. Mpe salamu, muulize hali ya nyumbani, mweleze unalitakia nini baraza hilo. Na kichwa cha barua hiyo andika YAH.