Kumfundisha Mwanafunzi Kuitoa Ndege Kwenye Stoli

Stoli, yaani bawa kupoteza uwezo wa kuibeba ndege, si kuzimika kwa injini. Mwanafunzi alielewe hilo kabla ya kupaa. Pembe ya bawa dhidi ya upepo ikizidi takriban nyuzi 15 hadi 18, hewa hubanduka juu ya bawa na mbebo, yaani nguvu ya hewa inayoiinua ndege, hupungua ghafla, hata ndege ikiwa na kasi.

Kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, pandeni hadi futi 3,000 juu ya ardhi. Geukeni nyuzi 90 kulia, kisha 90 kushoto, mkitazama kama kuna ndege nyingine. Mwanafunzi apunguze nguvu ya injini na avute usukani polepole ili kimo kisishuke. King'ora hulia kasi ikiwa bado noti 5 hadi 10 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) juu ya ile ya stoli yenyewe. Hapo asukume usukani mbele kwanza, ndipo atie nguvu zote.

Kosa la hatari zaidi ni kuzungusha usukani ili kuliinua bawa linaloanguka. Eleroni, yaani kibao kinachosogea nyuma ya bawa hilo, hushuka, pembe yake huongezeka, na ndege yaweza kuanza kuzunguka ikiporomoka. Akanyage pedali ya usukani wa mkia, ya upande ulio kinyume na bawa linaloanguka, pua isigeuke zaidi. Mabawa ayasawazishe mbebo ukisharudi. Akivuta usukani kwa pupa, stoli ya pili hufuata.