Kumpandisha mtu mwenye ulemavu katika mtumbwi wa matengo kwenye Ziwa Nyasa

Mitumbwi mingi inayovutwa juu ya mchanga wa Matema, wilayani Kyela, imechongwa kutoka gogo moja, na mdomo wake ni mwembamba kiasi kwamba mvuvi hukaa juu ya kingo na kuingiza miguu tu ndani. Ukiyumba, hujirekebisha kwa kiuno bila hata kufikiri. Mtu aliyepooza kuanzia kifuani kwenda chini, au aliyepoteza nguvu za upande mmoja kwa kiharusi, hana kiuno hicho cha kumsaidia, na ndiyo maana chombo kinachomfaa ni kile ambacho watu wa pwani wamekuwa nacho tangu zamani: ngalawa, yaani mtumbwi wenye matengo, maboya ya ubavuni yanayouzuia usipinduke. (Msomaji wa Mbinga asinielewe vibaya, hapa hatuwazungumzii Wamatengo, kabila la huko.)

Kupiga kafi kwa watu wenye ulemavu kumo katika Michezo ya Paralimpiki tangu Rio de Janeiro 2016, na mtumbwi wenye tengo upande mmoja, unaoitwa va'a kwa jina lake la Kitahiti, uliongezwa katika michezo ya Tokyo 2020, iliyofanyika 2021. Mbio zake ni za mita 200, na wachezaji hupangwa katika madaraja, VL1 hadi VL3, kwa kufuata nguvu zilizobaki kiwiliwilini na miguuni. Hata asiyefikiria mashindano anaweza kuanza na swali hilo hilo: nguvu zake zinaanzia wapi? Anayetegemea mikono na mabega pekee anahitaji kiti chenye mgongo mrefu. Anayemudu kiwiliwili apewe mgongo mfupi unaoishia kiunoni, maana mrefu utamzuia kujipinda, na kafi huvutwa kwa kujipinda zaidi kuliko kwa misuli ya mkono.

Boya la ubavuni linaweza kutengenezwa kwa bomba la plastiki la milimita 160, lenye urefu wa mita 3, lililozibwa ncha zote mbili kwa vifuniko na gundi yake. Bomba hilo likizama lote huondoa takriban lita 60 za maji, hivyo lina uwezo wa kuinua kilo 50 hivi baada ya kutoa uzito wake lenyewe. Mianzi minene iliyofungwa pamoja inafaa pia, lakini ikipasuka huanza kunywa maji, na hutajua mpaka boya limeanza kuinamia maji. Boya liunganishwe na mtumbwi kwa miti miwili ya kukingama, mmoja mbele ya kiti na mwingine nyuma, ili likae kama mita moja na nusu kutoka ubavuni. Usitumie misumari. Sisi tulitumia misumari safari ya kwanza, na kabla ya saa moja mawimbi yalikuwa yameilegeza yote, tukarudi ufukweni tukiwa tumeshikilia mti kwa mikono. Tangu hapo tunafunga kwa vipande virefu vya tyubu ya baiskeli, vinavyozungushwa kwa kuvutwa sana, kwa sababu mpira unakubali kucheza pamoja na wimbi bila kufunguka.

Ukiweka boya upande mmoja tu, uchague upande kwa makini. Boya hukataa kuzama, hivyo anayeliegemea hushikiliwa na maji. Hatari iko upande wa pili, ambako uzito ukizidi boya hunyanyuka hewani na mtumbwi wote hugeuka. Kwa hiyo mtu mwenye kiharusi, ambaye mwili humlalia upande dhaifu, awekewe boya upande huo dhaifu, apige kafi kwa upande mzima. Kwa anayeanza, mimi napendelea maboya mawili kama ngalawa ya Bagamoyo. Mwendo unapungua kidogo, lakini hofu inapungua zaidi, na mtu asiye na hofu hujifunza haraka.

Kiti chenyewe kitazamwe kwa jicho la muuguzi kuliko la fundi. Mtu aliyeumia uti wa mgongo hahisi mbao inayombana, na kidonda cha mgandamizo kinachoanza kwa saa moja ya kukaa vibaya kinaweza kumlaza hospitali miezi. Weka sponji nene ya godoro iliyofunikwa kwa plastiki laini, hakikisha hakuna mshono, kifungo wala mchanga chini ya makalio, na visigino vivikwe soksi nene. Mbao iliyoanikwa juani imwagiwe maji kabla hajakaa, kwa sababu ngozi isiyohisi inaungua kimyakimya.

Kamwe usimfunge kwa mkanda wenye fundo au kibanio cha chuma. Kinachoruhusiwa ni mkanda wa kunata, ule wa viatu vya watoto, ambao yeye mwenyewe anaweza kuuachanisha kwa mkono mmoja akiwa kichwa chini. Mkono usioweza kushika ufungwe kwenye kafi kwa namna hiyo hiyo. Mguu wa bandia uvuliwe na kuwekwa katika mfuko usioingiza maji, uliofungwa kwenye mti wa kukingama.

Kazi kubwa iko ufukweni. Magurudumu ya kiti mwendo huzama katika mchanga wa Matema, kwa hiyo tandika mbao au magunia mpaka ukingo wa maji, kisha weka mtumbwi uelee kwenye maji ya magotini ukiwa umeshikwa na watu wawili. Kabla ya kumwinua, muulize yeye. Mama mmoja tuliyempandisha alimzuia kijana aliyekuwa tayari amemkamata kwapani. "Mwanangu, bega hilo liliteguka. Nishike mkanda wa suruali, na mwenzako ashike chini ya magoti." Kijana akajibu, "Samahani, mama," na alimpandisha bila shida. Maelekezo hayo hayapatikani kwa mtu mwingine yeyote.

Kabla ya kwenda mbali, upindueni mtumbwi makusudi katika maji ya kifuani, yeye akiwa amevaa jaketi okozi na wasaidizi wawili wakiwa karibu. Aachanishe mkanda, atoke, aelee chali, kisha arudishwe. Rudieni hadi afanye bila kuambiwa. Asiyekubali jaribio hili asipite maji ya kiunoni, hata akiwa ndiye mwenye mtumbwi.

Tokeni alfajiri na mrudi kabla ya saa nne asubuhi. Matema iko kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilometa 550, na upepo wa kusini unaovuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti huleta mawimbi yaliyokwishasafiri mbali. Epukeni mdomo wa mto Lufilyo kwa sababu ya mamba, na epukeni maji yaliyotuama kwenye matete kwa sababu ya kichocho. Damu katika mkojo wa mtu anayetumia mpira wa kukojolea mara nyingi huhesabiwa kuwa maambukizi ya kawaida, kumbe inaweza kuwa kichocho. Amwambie daktari kwamba ameogelea ziwani, apimwe.

Aliyeumia uti wa mgongo juu ya usawa wa kifua cha kati akipata ghafla maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, asilazwe. Mketisheni wima, mkague mpira wa mkojo kama umejikunja, na msipopata chanzo mkimbilie hospitali, kwa kuwa shinikizo la damu linapanda. Mwenye ualbino avae mikono mirefu na kofia pana, maana maji huurudisha mwanga kutoka chini. Mwenye kifafa asikae peke yake katika mtumbwi. Asiyeona hahitaji marekebisho yoyote ya chombo. Mpe nafasi ya mbele, na anayekaa tezi, yaani nyuma, ahesabu mapigo kwa sauti.

Mkirudi, kabla hajavaa nguo kavu, msaidizi wake akague makalio, visigino na mgongo. Alama nyekundu isiyofifia ndani ya nusu saa ina maana kwamba kesho hapandi, na sponji ikatwe upya mahali hapo.