Gari linatetemeka ukikanyaga mafuta? Hamisha koili kabla ya kununua kitu

Hii ni kwa injini za petroli ambazo kila silinda ina koili yake, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, juu ya plagi. Kifaa cha kusoma makosa ya injini kikionyesha msimbo P0302, tarakimu ya mwisho ndiyo silinda inayokosa moto: ya pili. Zima injini, iache ipoe, toa koili ya silinda 2 uibadilishane na ya 3. Bonyeza kikufuli cha soketi taratibu, maana plastiki yake ikizeeka huvunjika kama biskuti. Futa kosa, kisha endesha ukipanda mlima, kwa sababu injini ikibeba mzigo ndipo koili dhaifu hushindwa kurusha cheche. Ikija P0303, kosa limehama na koili: nunua hiyo moja tu. Likibaki P0302, hamisha plagi vilevile, halafu nozeli inayonyunyiza petroli. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, badilisha kwanza gasketi ya kava ya vali, la sivyo hata koili mpya itakufa.

Njia hii haisaidii kosa likiwa P0300, yaani silinda zinapokezana kukosa moto. Hapo angalia presha ya mafuta au hewa inayovuja baada ya sensa inayopima hewa iingiayo kwenye injini. Na kama injini inanguruma vizuri, hakuna kosa, ila gari linatikisika ukikanyaga na kutulia ukiachia, acha koili: kagua jointi ya ndani ya shafti ya gurudumu.

Taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo, usiendelee kuendesha. Petroli isiyoungua inaunguza katalisti, yaani kisafisha moshi kwenye ekzosi, na hiyo bei yake si ya koili.