Namna ya Kulinganisha Misimu Mibaya Zaidi ya Timu ya Besiboli: Mfano wa Detroit Tigers

Mtu anayetaka kujua ni msimu upi uliokuwa mbaya kuliko yote katika historia ya timu ya besiboli kwa kawaida hutazama idadi ya vipigo, akaipanga miaka kuanzia wenye vingi hadi wenye vichache, na kazi akaiona imekwisha. Kwa Detroit Tigers, timu iliyopitia misimu ya namna hiyo zaidi ya mara moja, orodha yake ingeanza na mwaka 2003 (vipigo 119), ikafuatwa na 2019 (114), 1996 (109), 2002 (106) na 1952 (104). Takwimu hizo ni sahihi, lakini ukizitumia peke yake utauweka angalau msimu mmoja mahali pasipo pake.

Anza kwa kuuliza ni mechi ngapi zilizochezwa. Ligi ya Marekani, ambayo ni mojawapo ya ligi kuu mbili za nchi hiyo, ilikuwa na ratiba ya mechi 154 hadi mwaka 1960, kisha ikapanda hadi 162 mwaka 1961. Kwa hiyo gawanya idadi ya ushindi kwa jumla ya mechi zilizopata mshindi, ukiziacha kando sare chache za zamani. Mwaka 1952 Tigers walishinda mechi 50 kati ya 154, yaani asilimia 32.5, mwaka 1996 walishinda 53 kati ya 162, yaani asilimia 32.7, na mwaka 2002 walishinda 55 kati ya 161, sawa na asilimia 34.2. Msimu wa 1952, uliokuwa wa tano kwa idadi ya vipigo, sasa umepanda hadi nafasi ya tatu, nyuma ya 2003 (asilimia 26.5) na 2019 (asilimia 29.2).

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi, nayo ni kutazama pointi ambazo timu ilifunga na zile ilizofungwa. Mechi inayopotezwa kwa pointi moja na ile inayopotezwa kwa kumi huhesabiwa sawa katika msimamo, ilhali hazisemi jambo moja kuhusu ubora wa timu. Tumia kanuni ya Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli: zidisha pointi ulizofunga kwa zenyewe, fanya hivyo hivyo kwa ulizofungwa, kisha gawanya jibu la kwanza kwa jumla ya majibu yote mawili, upate sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda. Mwaka 2003 Tigers walifunga 591 na kufungwa 928. Mraba wa 591 ni 349,281, na wa 928 ni 861,184. Jumla ni 1,210,465. Ukigawanya unapata takriban 0.289, ambayo katika mechi 162 ni sawa na ushindi wa mechi 47. Wao walishinda 43.

Sasa ifanye hesabu hiyo hiyo kwa mwaka 2019, walipofunga 582 na kufungwa 915 katika mechi 161. Utapata ushindi wa mechi 46, na kwa kweli walishinda 47. Upungufu wa pointi ulikuwa 337 mwaka 2003 na 333 mwaka 2019. Kwa maoni yangu hizi zilikuwa timu mbili zenye udhaifu uleule, na tofauti ya vipigo vitano iliyozitenganisha inaweza kuelezwa na bahati. Anayeuita msimu wa 2003 kilele cha aibu na kuusahau ule wa 2019, ambao timu ilipoteza mechi 59 kati ya 81 za nyumbani, anawapunja mashabiki walioukalia uwanjani.

Msimu wa 1952 nao unageuka kwa upande mwingine. Pointi 557 kwa 738 zilistahili ushindi wa mechi 56 badala ya 50, kwa hiyo timu ile ilikuwa bora kuliko msimamo wake. Mrushaji wake Virgil Trucks (katika besiboli mrushaji ndiye huandikiwa ushindi au kipigo cha mechi) alimaliza na ushindi 5 na vipigo 19, na mara mbili kati ya hizo tano wapinzani hawakupata hata pigo moja halali dhidi yake. Mechi zote mbili ziliisha 1 kwa 0.

Kisha linganisha kila timu na ligi ya wakati wake. Mwaka 1996 Tigers walifunga pointi 783, karibu 200 zaidi ya 2003, lakini mwaka huo wapigaji walitawala na wastani wa ligi ulikuwa takriban pointi 5.4 kwa timu katika kila mechi, ambapo mwaka 2003 ulikuwa karibu 4.9. Upigaji wa 1996 ulikuwa kwenye asilimia 90 ya wastani. Wa 2003 ulishuka hadi asilimia 75. Kilichoiangusha timu ya 1996 ni urushaji, uliowaruhusu wapinzani kufunga pointi 1,103.

Kwa sababu hiyo rekodi ya mrushaji mmoja isikuongoze. Mike Maroth alipewa vipigo 21 mwaka 2003, akawa wa kwanza kufikia 20 tangu 1980, huku akicheza nyuma ya upigaji ule dhaifu. Vilevile ushindi wa mechi tano kati ya sita za mwisho, uliowaokoa Tigers wasifikie vipigo 120 vya New York Mets wa 1962, ni kisa kizuri cha kusimulia, lakini haubadilishi uwiano wa pointi za msimu mzima.

Yaliyofuata baada ya msimu yaandike kando, usiyachanganye na hukumu. Baada ya 2003 Tigers walimchagua Justin Verlander wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa 2004, na mwaka 2006 wakafika fainali ya World Series. Baada ya 2019 walipata nafasi ya kwanza ya uteuzi, wakamchukua Spencer Torkelson mwaka 2020.